Mgahawa mdogo wa soko la Konyo Konyo, Juba

Kwa mwalimu wa kujitolea kama mimi, ninayeishi Juba kwa posho ndogo ya kanisa, mgahawa huu usio na kibao ni msaada mkubwa, kwa kuwa mhudumu wake huzungumza Kiswahili na huniacha nisahihishe madaftari ya darasa zima mezani bila kunihimiza niondoke. Fuli, yaani maharage yaliyopondwa na kumiminiwa mafuta ya ufuta, huletwa ikifuka mvuke, pamoja na kisra, mkate mwembamba wa mtama uliochachushwa, uliokunjwa kama leso. Chai, kwa kweli, ni sukari tupu. Jumapili baada ya ibada hapakaliki, na mara mbili nimerudishiwa chenji pungufu, ingawa niliposema nilikamilishiwa papo hapo.