Duka la vito "vya uadilifu": uzoefu wangu, na hizi nyota zangu mbili msiziamini sana

Jamani nimekasirika na kunyamaza nimeshindwa. Pete yenyewe sina neno nayo, nzuri, imenikaa, jiwe linawaka hata kwenye taa mbovu, kwa hiyo anayetaka habari za karati na ukubwa wa jiwe akatafute kwingine. Mi hapa nimekuja kwa ajili ya swali moja tu nililouliza na jibu nililopewa.

Hili duka linajitangaza kila mahali kwamba vito vyake ni vya uadilifu, almasi zisizo na damu, dhahabu isiyomuumiza mtu, na ukinunua unapewa kadi moja ngumu inayong'aa, ina jani la kijani limechorwa pembeni. Mi hicho ndo kilichonivuta, maana maduka ya vito yapo mengi tu. Basi wakati wa kulipa nikamuuliza yule kijana wa kaunta, kwa upole kabisa, kaka, hii dhahabu imetoka wapi? Akamwangalia mwenzake wakachekeana, halafu akaigonga kadi kwa ukucha, "Dada si imeandikwa hapo, Kimberley." Nikamwambia kaka, Kimberley ni cheti cha almasi, mi nakuuliza dhahabu. Akapandisha sauti, wateja wote wakageuka: "Dada umekuja kununua pete au umekuja kupeleleza? Wenzio wanaangalia kama imewapendeza, wanaondoka."

Yani nilichemka. Mteja anayeuliza kitu kilichoandikwa kwenye tangazo lenu wenyewe leo amekuwa mpelelezi?

Na hata kwa hiyo almasi bado kadi inapiga chenga. Cheti cha Kimberley kilianza 2003, baada ya vita vya Angola na Sierra Leone ambako waasi walikuwa wanauza almasi wapate hela za silaha, na kinahusu almasi ghafi peke yake. Ikishakatwa na kung'arishwa kile cheti hakiendi nayo tena, kinachoendelea ni maneno tu kwenye ankara, muuzaji anamhakikishia mnunuzi, naye anamhakikishia anayefuata, mpaka kufika kidoleni kwangu. Isitoshe almasi ya damu kwa hesabu yao ni ile inayowalipa waasi wanaopigana na serikali. Sasa askari wa serikali wakiwaua wachimbaji je? Marange, Zimbabwe, 2008, watu waliuawa machimboni na vyombo vya dola, na 2011 almasi za huko zikafunguliwa njia ya kuuzwa nje na cheti juu. Global Witness, shirika la wanaharakati ambao walikuwa mbele kabisa kupigania hicho cheti kiwepo, walijitoa mwaka huohuo. Sasa kijana ananigongea kadi kwa ukucha kana kwamba kesi imekwisha!

Dhahabu ndo usiseme. Wachimbaji wadogo wengi duniani wanaikamata kwa zebaki, wanachanganya na mchanga uliosagwa, kinatoka kidonge, wanakichoma zebaki iondoke kama moshi, na huo moshi anauvuta aliyekaa pale, mara nyingi mama ana mtoto mgongoni, inayobaki inaishia mtoni kwenye samaki. Mkataba wa Minamata wa kupambana na zebaki unafanya kazi tangu 2017, na bado uchimbaji huu mdogo ndo unaongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani. Sisemi pete yangu imetoka huko. Nasema niliuliza nikachekwa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nyota sifuri zipo kichwani tayari, mara akatoka nyuma sonara wao, mzee, aproni imeungua ungua, alikuwa amesikia yote. "Mwanangu, njoo." Akanipeleka kwenye meza yake, akaniambia, "Nikikwambia naijua ilikotoka nitakuwa nakudanganya. Inanifikia imeshasafishwa. Huko kiwandani wanayeyusha ya mgodini pamoja na bangili za watu za zamani, ikitoka ni kitu kimoja, huitenganishi tena." Halafu akakunjua kile kipande cha ngozi kilichotandazwa chini ya meza, unga wa dhahabu umejaa kwenye mikunjo, uliodondoka akisugua pete za watu. "Hii ndo ninayoijua mimi. Imetoka kwenye tupa yangu."

Nilitaka kumkumbatia. Huyo mzee nampa nyota zote tano, na kwa ajili yake nikasema basi, duka lisamehewe, yule kijana pengine hakufundishwa. Nikaandika mbili kwa moyo mweupe.

Nyumbani nikawatumia meseji, nataka kujua jina la kiwanda kinachowasafishia dhahabu, basi. Meneja akanijibu kwamba dhahabu yao "imesindikwa upya" kwa hiyo suala la mgodi halipo, na kwamba wateja wao wanaridhika na kadi. Eti suala halipo! Mheshimiwa, dhahabu watu wanaiyeyusha na kuirudia tangu enzi za mafarao, hakuna anayetupa dhahabu jalalani, kuipitisha kwenye tanuru hakufuti ilikoanzia, tena tanuru ndo mahali penyewe ya wizi inapogeuka kuwa safi. Na wanaofanya kazi ya kufuatilia wapo, mashirika ya vyeti kama Fairtrade na Fairmined wanafuata dhahabu kuanzia kwa wachimbaji na kuwalipa nyongeza, Umoja wa Ulaya tangu 2021 unawabana waagizaji wakubwa wa dhahabu wachunguze wananunua kwa nani. Kwa hiyo inawezekana. Wangeniambia tu "hatujui, tunajitahidi kujua" kama alivyosema mzee wao, mi ningenunua palepale na kuwasifia mpaka leo.

Basi mbili nimezirudisha ziwe moja, na hiyo moja ni ya sonara, duka lisijichukulie. Mdogo wangu anaoa karibuni, na mzee aliniambia nikimletea vidani vyetu vya zamani atavifua pete nikiwa nimekaa hapohapo naangalia. Nitampelekea yeye, na kadi yao wabaki nayo.