Electronic: ukinunua albamu moja tu, nunua ipi?

Bernard Sumner wa bendi ya New Order na Johnny Marr, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi ya The Smiths, zote za Uingereza, walitoa albamu tatu tu kwa jina la Electronic. Hazilingani hata kidogo, kwa hiyo usichague kwa kuangalia bei peke yake.

Anza na ile ya kwanza, *Electronic*, ya mwaka 1991. Sikiliza "Get the Message": gitaa linatembea pamoja na mdundo wa mashine bila kugombea nafasi, Sumner anaimba kwa upole kama anaongea na mtu aliyekaa karibu yake, halafu sauti ya Denise Johnson inapanda na wimbo mzima unafunguka. Nikifika hapo huwa naacha kazi niliyonayo mkononi. Kwenye "The Patience of a Saint" wamo pia Neil Tennant na Chris Lowe wa kundi la Pet Shop Boys.

Ila kabla ya kulipa, geuza jalada usome orodha ya nyimbo. Toleo la awali la Uingereza, la lebo ya Factory, halina "Getting Away with It", singo yao ya 1989 ambayo Tennant alishiriki kuitunga na kuiimba. Factory ilifilisika 1992; lebo ya Parlophone ilipoirudisha albamu sokoni mwaka 1994, wimbo huo ukaongezwa. Kama si mkusanyaji, chukua lenye wimbo huo. Na ukipata santuri iliyotumika, iinamishe chini ya taa. Mikwaruzo myembamba inavumilika, lakini ule unaonasa kucha ukiupapasa ndio utakaorusha sindano.

Ya pili naiweka *Twisted Tenderness* ya 1999. Hapa gitaa limeshika usukani, Jimi Goodwin yuko kwenye besi na Ged Lynch kwenye ngoma. Anayempenda Marr zaidi ya vinanda atafurahi.

*Raise the Pressure* ya 1996 iache mwisho. Karl Bartos, aliyekuwa kwenye bendi ya Kijerumani ya Kraftwerk, alishiriki kutunga nyimbo kadhaa, na "Forbidden City" ni wimbo mzuri sana, lakini vipande 13 ni vingi na katikati panachosha.

Mkusanyiko wa 2006, *Get the Message*, ununue kwa ajili ya "Disappointed". Singo hiyo ya 1992, Tennant akiwa mwimbaji mkuu, haikuwekwa kwenye albamu yoyote kati ya hizo tatu zilipotoka.