Kulazwa au kutibiwa nyumbani?

Wazazi hapa Bukavu huuliza hivi kijana akiwa mtumwa wa kanyanga (pombe kali ya kienyeji) au bangi. Kwa usalama, kulazwa, kwa mfano SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini, kunashinda ikiwa anakunywa kila siku: akiacha ghafla anaweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa, na hapo anahitaji muuguzi karibu. Vilevile akisema anataka kujiua, msingoje kesho.

Gharama? Nyumbani ni nafuu.

Kinachonisumbua zaidi ni kudumu kwa uponyaji. Nilimwona mvulana wa mtaa wa Kadutu akirudi kutoka hospitali amenawiri, akakuta chupa ileile chini ya kitanda cha baba. Nyumba ikiwa imetulia na mtoto anakubali kwenda kliniki, anzieni nyumbani. Baba naye akiwa mnywaji, atibiwe pia, popote mtoto atakapolala.