Paneli ya sola italipa lini deni lake la nishati? Ipi ununue Uganda

Kuna watu wanaogopa sola kwa sababu wameambiwa kiwandani inakula umeme mwingi kuliko itakaotoa maisha yake yote. Si kweli. Deni lipo, yaani nishati iliyotumika kuitengeneza, maana silikoni, malighafi ya paneli, huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,400, na paneli nyingi hutoka China, ambako makaa ya mawe bado yanazalisha umeme mwingi. Lakini kwa jua letu, paneli ya kisasa hulirudisha kwa takriban mwaka 1, kisha inaendelea kwa miaka 25 au zaidi. Sharti ni moja: umeme wake utumike.

1. Mono mpya (silikoni ya fuwele moja, zile nyeusi), yenye wati za kweli. Siku hizi silikoni hukatwa kwa waya wa almasi, haipotei sana, na deni limepungua. Shida kuanzia Busia hadi Arua ni lebo. Nenda dukani na tepu ya kupimia. Mita 1 ya mraba ya mono nzuri hutoa wati 200 hivi, pengine 220. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 ni mita za mraba 0.3 tu, kwa hiyo haifiki wati 70, hata lebo iseme 150. Ukikuta hivyo usibembeleze bei, toka.

2. Mtumba uliopimwa. Deni lake huenda lilishalipwa huko ilikotoka, na kila yuniti utakayopata ni faida tupu. Igeuze: mgongo usiwe na nyufa wala alama za kuungua. Fundi aiweke juani apime volti na ampea, alinganishe na lebo. Muuzaji akikataa ipimwe, mwachie mali yake.

3. Poli (silikoni ya fuwele nyingi), zile za bluu. Zinakula nafasi zaidi kwenye paa, na viwanda vingi vimeziacha. Bei ikiwa nzuri na paa ni pana, chukua.

4. Vipaneli visivyo na kioo. Jua hugeuza plastiki yake kuwa ya njano, vinakufa mapema. Achana navyo.

Sasa betri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu hesabu. Paneli kubwa yenye betri ndogo hujaza saa 4 asubuhi, na jua kali la saa 6 hadi saa 9 linapotea bure. Ukitumia nusu tu ya umeme, ule mwaka 1 unakuwa 2. Betri nayo ina deni lake: ya risasi ukiimaliza chaji kila usiku itakufa haraka, na kila unapoibadilisha unaanza deni jipya. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti (LiFePO4) ni ghali siku ya kununua lakini huchajiwa maelfu ya mara. Kazi nzito ifanye mchana: saluni, friji ya soda, pampu, kuchaji simu za majirani.

Kama nyumba yako ina umeme wa Karuma au Bujagali, huo ni wa maji, na sola haitapunguza moshi mwingi. Anayewasha jenereta au koroboi ndiye ninayemsihi anunue kwanza.

Juu ya paa, inamisha paneli nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi la murram, na ukate tawi la mwembe linaloifunika jioni.