Mashine ya kupima sukari tunayotumia na mamangu: uzoefu wangu

Nimeulizwa sana kama hii mashine ndogo ya kupima sukari nyumbani inafaa ama ni kupoteza pesa. Inafaa, tena sana. Mamangu ana kisukari aina ya pili, anameza metformin (vidonge vya kushusha sukari), na zamani sukari yake tulikuwa tunaijua siku ya kliniki peke yake, unafika unaambiwa iko juu, haya imepandishwa na nini? Hakuna ajuaye, lawama zote zinaangukia chai.

Nesi ndo alotuonyesha njia, pima kabla ya kula kisha pima tena masaa mawili baadaye, ile tofauti ndo inakwambia chakula kimefanya nini. Basi siku tulopima mahamri na mbaazi, kabla hajatia kitu mdomoni ilikuwa 6.8 (hizi ni mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu), kurudia ikasoma 14.2, na chai haikuwa na sukari hata chembe! Kumbe ni mahamri, unga mweupe na sukari ishatiwa ndani. Sasa anakula hamri moja, mbaazi ndo anajaza, kisha anatembea polepole mpaka Makadara hapa Mombasa na kurudi, na mara nyingi hapiti 10 ambayo ndo mpaka alopewa na daktari wake baada ya chakula. Asubuhi anatakiwa awe kati ya 4.4 na 7.2. Chakula chake cha kipwani hajakiacha na hilo kwangu ndo kubwa, manake mzazi ukimwambia aache wali wa nazi kabisa atakuitikia tu, ukitoka anapakua.

Mashine yenyewe si ghali, kinachokula pesa ni stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu. Kikopo chetu ni cha 50, ukipima mara mbili kwa siku ni siku 25 kimekwisha, na stripu za mashine hii haziingii mashine ile, kwa hivyo kabla hujanunua pita kemisti za Mwembe Tayari uulize zipi zinapatikana kila mara, usivutwe na ofa ya mashine. Na huu unyevu wetu unaziharibu, ukitoa moja funga kikopo pale pale, usikiache jikoni wala kwenye gari.

Mikono ioshwe na ikaushwe, hili halina mjadala. Siku moja mama alikuwa ametoka kumenya embe, ikasoma 17, akanawa tukarudia ikasoma 8.1. Anayejidunga insulini angeweza kuongeza dozi bure na ikamshusha vibaya. Dunga ubavuni mwa kidole, hapaumi sana, na kasindano ni ka mtu mmoja, hata mume na mke wasitumie kamoja.

Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu hivi, bado anafanyiwa kliniki, daktari anakisoma pamoja na daftari letu tunaloandika namba za nyumbani na ndo akambadilishia dawa ya jioni.

Kuna jambo kwenye karatasi ya maelezo limeandikwa kwa herufi ndogo mno na lilistahili kuwa juu kabisa: skrini ikiandika HI bila namba, sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma, nyingi mwisho wake ni 33.3. Nawa, rudia, ikiandika tena nendeni hospitali usiku huo huo, na kama mgonjwa anatapika, anapumua kwa kasi ama anachanganyikiwa msipoteze muda hata wa kurudia.