Mabango ya banda la maonesho: kitambaa kilitufaa, mabango ya kusimama yalituangusha

Baada ya maonesho ya biashara ya siku tatu tuliyoshiriki hivi karibuni, wenzangu kadhaa wameniuliza kama kampuni iliyotusanifia na kutuchapia mabango inafaa kupewa kazi. Jibu langu ni kwamba inafaa kwa usanifu na kwa bango la kitambaa, lakini mabango ya kusimama ningeyapeleka kwingine. Sitaitaja jina, kwa kuwa makosa iliyoyafanya nimeyaona pia katika kazi za wachapaji wengine. Banda letu lilikuwa la kawaida, mita 3 kwa 3, lenye kuta tatu na upande mmoja ulio wazi kuelekea kwenye ujia wa wageni. Tuliagiza bango kubwa la kitambaa la kufunika ukuta wa nyuma, mabango mawili ya kusimama, yale yanayojiviringisha ndani ya kitako chake, yenye upana wa sentimita 85 na kimo cha mita 2, kitambaa cha meza chenye nembo, na kibao cha jina cha kuwekwa juu mbele ya banda.

Kilichoniridhisha zaidi ni kikao cha kwanza cha usanifu. Tulikwenda na maneno mengi: historia ya kampuni, orodha ya bidhaa, dira, namba nne za simu na kaulimbiu isemayo "Suluhisho bora kwa maendeleo yako". Mbunifu hakubishana nasi. Aliyachapa yote kwenye karatasi moja, akaibandika mwisho wa korido, akatusimamisha upande wa pili, kisha akatuuliza kama mtu asiyetufahamu, akiitazama karatasi ile, atajua tunauza nini. Tulitazamana. Hata mimi niliyeyaandika maneno yenyewe sikuweza kuyasoma, na ile kaulimbiu, iliyokuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine yote, ingeweza kuwa ya benki, ya shule au ya duka la mbolea. Tulipotoka pale yalikuwa yamebaki maneno "Pampu za maji zinazotumia nguvu ya jua", jina la kampuni, na picha moja. Mkurugenzi wetu alisikitika kuona mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni umeondolewa, akaelezwa kwa upole kwamba nafasi yake ni kwenye kipeperushi, ambacho mgeni hukisoma akiwa ametulia.

Ukubwa wa herufi nao haukuachwa ukisiwe. Kipimo alichokitumia mbunifu ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila mtu kukaza macho, maana yake mtu aliye umbali wa mita 9 anahitaji herufi ya sentimita 7.5. Sisi alituwekea ya sentimita 15, kwa hoja kwamba mgeni wa maonesho hasomi akiwa amesimama, bali anasoma huku anatembea, anazungumza na mwenzake na kuwapisha watu wanaokuja mbele yake. Alichagua herufi nene kiasi zisizo na vikia, yaani vijistari vya mapambo kwenye ncha, za rangi ya buluu iliyokolea juu ya nyeupe. Pia alikataa kuandika sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu maneno ya namna hiyo hupoteza umbo na kuwa kama safu ya matofali, na jicho hulazimika kusoma herufi moja moja.

Jambo ambalo nisingelifikiria mwenyewe ni mahali pa kuweka maneno. Juu ya mchoro wa bango la nyuma, mbunifu alichora kwa penseli meza yetu, kisha vivuli vya watu wawili waliosimama, akatuonesha kwamba chochote kitakachoandikwa nyuma yao ni wino uliopotea bure. Kwa hiyo sentensi yetu iliwekwa juu ya kimo cha mita 1.8, picha ikasogezwa pembeni, na theluthi ya chini ikaachwa kuwa rangi tupu. Siku ya pili mchana banda lilijaa hadi wageni wakawa wanasimama kwenye ujia, na bado sentensi ile ilionekana yote juu ya vichwa vyao.

Kitambaa chenyewe sina la kukilaumu. Ni poliesta iliyochapwa kwa njia ya joto, ambapo wino hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu yake, ndiyo maana kinaweza kukunjwa, kusafirishwa na kufuliwa bila rangi kubanduka. Kabla ya kuchapa tulipewa kipande cha sampuli, tukagundua kwamba kijani cha nembo yetu, ambacho kwenye kompyuta kiling'aa, kwenye kitambaa kilikuwa kimefifia, kikarekebishwa mapema. Fremu ya alumini iliunganishwa bila bisibisi kwa kufuata namba zilizobandikwa kwenye kila kipande, na mikunjo ya kitambaa ilitoka kwa pasi ya mvuke. Walituletea pia hati inayothibitisha kwamba kitambaa kimetiwa dawa ya kuzuia moto kusambaa, ambayo kumbi nyingi za maonesho huidai, na hatukuwa tumeiomba.

Sasa niyaseme ya mabango ya kusimama. Picha ya pampu tuliyowapa tuliitoa kwenye tovuti yetu, nalo ni kosa letu, lakini kazi ya mchapaji ni kulikamata kosa kama hilo kabla ya kuwasha mashine. Picha ile ilikuwa na upana wa pikseli 900, yaani vidoti vidogo vya rangi vinavyounda picha. Ukiitandaza kwenye sentimita 85 unabaki na pikseli kama 27 kwa kila inchi, wakati bango la kutazamwa kwa karibu linahitaji angalau 100. Pampu yetu ikatoka na kingo za ngazi-ngazi, kama iliyoshonwa kwa uzi mnene. Tena walitumia plastiki laini ya bei nafuu, ambayo kufikia asubuhi ya siku ya pili ilikuwa imeanza kujikunja pembeni, hivi kwamba ukilitazama bango kwa upande, herufi za mwanzo na za mwisho hazionekani. Nilipouliza nikaambiwa upo utando wa plastiki ya poliesta, uitwao filamu, ambao ni mgumu zaidi na haujikunji. Hilo lilipaswa kusemwa siku ya kuagiza.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti ambao mtu huusoma kwa kamera ya simu. Uliwekwa chini kabisa, karibu na kitako cha bango, ukiwa na upana wa sentimita 4. Kwa kawaida msimbo husomeka vizuri kutoka umbali usiozidi mara 10 ya upana wake, kwa hiyo wetu ulihitaji simu iliyo sentimita 40 kutoka hapo, yaani mtu achuchumae. Mzee mmoja alijaribu kuinama, akashika goti, akanitazama na kuniuliza, "Kijana, hii mmewawekea watoto?" Nilimwomba radhi, na siku mbili zilizobaki tulitumia msimbo tuliouchapa wenyewe kwenye karatasi na kuubandika kwa gundi ya utepe usawa wa kifua. Haukupendeza, lakini ulisomeka.

Kibao cha jina kilikuwa na uso unaong'aa, taa za ukumbi zikawa zinaakisi katikati ya jina. Uso usiong'aa ungetosha.

Tulipolalamika, kampuni haikukwepa. Ilikubali kuchapa upya sura za mabango mawili kwenye filamu ngumu na kuzifunga kwenye vitako vilevile bila malipo, ingawa kazi hiyo ilikamilika siku tisa baadaye, maonesho yakiwa yamekwisha. Safari hii nilikwenda karakana mwenyewe na rula mkononi. Msimbo una sentimita 12, uko kimo cha mita 1.3 kutoka sakafuni, na picha ya pampu tumeipiga upya.