Steshenari ya Kigoma: kompyuta ya mezani au mpakato?

Anayefungua steshenari Mwanga au Ujiji halikwepi swali hili. Kwa bei, zote zikiwa za mtumba, ya mezani inashinda: kwa pesa ileile unapata prosesa yenye nguvu zaidi na kioo kikubwa.

Umeme ndio mzozo wenyewe. Ukikatika katikati ya barua ya mteja, ya mezani inazimika papo hapo na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Hata ukiwa na UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika), unapata dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima. Mpakato unaendelea tu, ila betri ya mtumba ijaribu palepale dukani: chomoa chaja, washa video, tazama asilimia zinavyoshuka. (Muuzaji akinuna, hama duka.)

Matengenezo? Kibodi ya mezani ikimwagikiwa chai, unanunua nyingine. Ya mpakato, fundi anafungua mashine nzima, na kipuri huenda kikaagizwa Dar. Vumbi halichagui.

Mwenye kaunta moja na UPS, ya mezani inamtosha. Anayezunguka na kazi zake, leo Kasulu kesho Uvinza, abebe mpakato.